Haki ya Kupitisha Zamu

Kanuni moja ya warsha za AVP huwashangaza wageni. Watu wameketi kwenye viti vilivyopangwa duara, hakuna meza ya mbele wala mgeni wa heshima. Swali linatolewa, zamu inaanza kuzunguka. Ikimfikia mtu ambaye moyo wake haujawa tayari, anaruhusiwa kusema kwamba anapita. Haulizwi kwa nini. Zamu inasonga kwa jirani yake, naye anabaki na nafasi yake katika duara kama mwingine yeyote.

AVP, mpango unaofundisha watu kumaliza ugomvi bila mabavu, ulianza mwaka 1975 katika gereza la Green Haven, jimbo la New York, wafungwa walipowaomba Marafiki, ambao ulimwengu unawaita Waquaker, wawasaidie kuzungumza na vijana waliokuwa wakielekea kwenye maisha ya jela. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 warsha hizo zilifanywa kwa wingi magharibi mwa Kenya na katika Bonde la Ufa. Lumakanda, mji mdogo wa Lugari katika Kaunti ya Kakamega, ulikuwa miongoni mwa vituo vya kazi hiyo, kwa sababu Marafiki ni wengi huko, na kwa sababu hapo ndipo alipoishi David Zarembka, Rafiki kutoka Marekani aliyeanzisha mpango wa amani wa African Great Lakes Initiative, pamoja na mkewe Gladys Kamonya. Wote wawili walifariki mwaka 2021.

Lumakanda haikuwa kituo cha amani kwa bahati tu. Mashamba ya Lugari yalikuwa ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru yakagawiwa wakulima Waafrika. Mpaka wa Uasin Gishu uko karibu, na Turbo iko jirani. Mmaragoli, Mbukusu, Mnandi na Mkikuyu wameuziana mahindi na maziwa hapo kwa miongo mingi, na katika Januari ile ya 2008 nyumba zilichomwa katika maeneo ya Lugari na Turbo, majirani wakageuka wakimbizi wa ndani. Watu waliokuja kuketi katika duara walikuwa na mengi ya kusema na sababu nyingi za kutosema. Ndiyo maana ile kanuni ya kupita ilikuwa na uzito. Bila hiyo, wapo ambao wasingeingia mlangoni kabisa.

Leo watu hao hao, na watoto wao, wanazungumza zaidi kwenye simu kuliko kwenye viti. Kuna kundi la WhatsApp la ukoo, la chama, la kwaya, la wazazi wa shule, na kila mara kunapotokea msiba linafunguliwa kundi la matanga. Mweka hazina anabandika orodha: jina, kiasi, jina, kiasi. Kila M-Pesa ikiingia orodha inanakiliwa upya na kurudishwa kundini, mara kumi, mara ishirini kwa siku. Anayeisoma haoni tu waliotoa. Anaona pia nani hayumo. Kijana aliyekosa kibarua mwezi huo anaiona orodha ikipita mbele yake tangu asubuhi hadi usiku, na hana namna ya kusema kwamba leo anapita.

Hakuna mwanakundi aliyekaa akapanga kumwaibisha. Mweka hazina anataka uwazi, na uwazi ni jambo jema. Hata hivyo aibu inafika, kwa sababu chumba kimejengwa hivyo. Hapo linazuka swali ambalo ni la kidini kabla ya kuwa la kiufundi. Neno linapojeruhi katika chumba cha mazungumzo, mzigo wake anaubeba nani: aliyelisema, aliyelisambaza, au aliyekijenga chumba ambamo neno lilikwenda mbio kuliko akili?

Vyumba vya soga vina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Doug Brown na David Woolley walitengeneza programu iliyoitwa Talkomatic, ndani ya mtambo wa kompyuta uliojulikana kama PLATO. Watu watano waliweza kuandikiana kwa wakati mmoja. Kioo kiligawanywa, kila mmoja na sehemu yake, na kila herufi ilionekana papo hapo ilipobonyezwa. Mtu akisita, wenzake walimwona akisita. Akiandika neno kisha akalifuta, walimwona akilifuta. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1988, Jarkko Oikarinen wa Oulu nchini Finland akaunda IRC, na humo sentensi ilifika nzima, kwa mpigo mmoja, kusita kote kukiwa kumeachwa nyuma. Makundi ya leo yamefuata njia hiyo ya pili. Kilichosalia cha kusita kwa binadamu ni ile alama ndogo inayoonyesha kwamba fulani anaandika.

Uamuzi kama huo, herufi moja moja au sentensi nzima, ndio kazi ya wasanifu wa maingiliano, fani iliyopewa jina lake katika miaka ya 1980 na Bill Moggridge na Bill Verplank. Wanaamua kitufe kikae wapi, nini kionekane kwanza, nini kifichwe, nani ajulishwe na lini. Mtumiaji haoni uamuzi wowote. Anaona simu tu.

Chukua tiki mbili za buluu. WhatsApp ilizileta Novemba 2014 ili aliyetuma ujumbe ajue kwamba umesomwa. Watu walilalamika, na kampuni ikaweka njia ya kuzizima. Lakini njia hiyo ni ya mazungumzo ya watu wawili tu. Katika kundi haizimiki. Mtumaji anaweza kuufungua ujumbe wake na kuona orodha ya waliosoma, hivyo kunyamaza kwako kunawekwa kumbukumbu. Kwa miaka mingi hata kuondoka kulitangazwa kwa wote, na ni mwaka 2022 tu kampuni ilipotangaza kwamba mtu ataweza kutoka na msimamizi peke yake ndiye atakayejulishwa. Na mpaka 2019, yeyote mwenye namba yako aliweza kukuingiza kundini bila kukuuliza.

Ukilinganisha na duara la Lumakanda, kila kitu kimepinduliwa. Katika duara unaingia kwa hiari, unanyamaza bila kuhojiwa, na yaliyosemwa hayatoki nje. Katika kundi unaingizwa, kunyamaza kwako kunahesabiwa, na lolote unaloandika linaweza kusafirishwa hadi kwa watu usiowajua kwa kidole kimoja.

Kenya ina kisa kinachoonyesha kwa uchungu jinsi umbo la chumba linavyobeba uzima na mauti. Kabla ya 2008, Wakenya wengi wa ndani na wa ughaibuni walikutana Mashada, baraza la mtandaoni lililoendeshwa na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na kiu ya habari ikahamia kwenye simu na mtandao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto. Kabla ghasia hazijatulia, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa na mamia ya maelfu wamefukuzwa makwao. Jumbe fupi za chuki zilisambaa simu kwa simu. Serikali ilifikiria kuzima huduma ya ujumbe mfupi nchini kote. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, akashauri njia nyingine, na kampuni ikawatumia wateja wake, wapatao milioni 9 wakati huo, jumbe za kuhimiza utulivu.

Ndani ya Mashada hali ilikuwa mbaya. Matusi ya kikabila yalimiminika kwa kasi ambayo wasimamizi hawakuweza kuizuia, na mwishoni mwa Januari Kobia alilifunga baraza lake mwenyewe. Mtu aliyejenga chumba, akakilea kwa miaka, aliuzima mwanga wake kwa sababu aliona kwamba mazungumzo ya kiungwana hayawezekani tena humo. Baadaye akafungua tovuti nyingine, I Have No Tribe, ambapo Wakenya waliandika maneno ya kukataa ukabila.

Lakini mwezi huo huo mikono hiyo hiyo ilikuwa imejenga chumba cha namna nyingine. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa amerejea Johannesburg kutoka Nairobi, aliandika mwanzoni mwa Januari akiuliza kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya mahali ghasia zinapotokea. Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakaitika. Walikuwa wametawanyika mabara mbalimbali, wakajadiliana kwa mtandao, na katika siku chache Ushahidi ikasimama. Mtu wa kawaida alituma taarifa kwa ujumbe mfupi au kwa tovuti. Taarifa haikuonekana papo hapo, ila ilipita kwanza mbele ya macho ya mtu wa kujitolea, ikapimwa na vyanzo vingine pale ilipowezekana, ndipo ikawekwa kwenye ramani.

Hakuna sababu ya kuamini kwamba waliotuma taarifa Ushahidi walikuwa na mioyo safi kuliko walioandika Mashada. Walikuwa Wakenya wa Januari ile ile, wenye hofu na hasira zile zile. Kilichotofautiana ni kwamba chumba kimoja kiliuliza "Unasemaje?" na kutangaza jibu mara moja, na kingine kikauliza "Umeona nini, wapi, lini?" kisha kikangoja. Ni kweli kwamba ramani haijibizani, na jamii haiwezi kuishi kwa ushuhuda tu bila mazungumzo. Hata hivyo, tendo la Kobia la kufunga kimoja huku akijenga kingine ni ungamo la vitendo: alikubali kwamba mjenzi ana sehemu yake katika kinachosemwa.

Dini zilizoizunguka Lumakanda zimezungumza sana juu ya ulimi. Waraka wa Yakobo, sura ya 3, unaonya jinsi kiungo hicho kidogo kinavyoweza kuteketeza. Sura ya Hujurat ya Kurani, aya ya 6, inawaamuru waumini wathibitishe habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Katika maandiko hayo mawili mzigo uko kwa msemaji na kwa msikilizaji, na ni haki. Aliyeandika tusi ameliandika. Aliyebonyeza kitufe cha kusambaza bila kuuliza ana dhambi yake, na visingizio vya teknolojia havimwoshi.

Lakini liko andiko jingine ambalo halihubiriwi sana, nalo linamtazama fundi. Kumbukumbu la Torati 22:8 linamtaka anayejenga nyumba mpya azungushie dari yake ukuta wa kukinga, ili mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Kutoka 21:33 na 34 linamtaka aliyechimba shimo bila kulifunika alipe, ng'ombe wa mwenzake akitumbukia. Fikiria uzito wa sheria hizo. Aliyeanguka darini alipanda kwa miguu yake mwenyewe. Pengine alikuwa mzembe, pengine alikuwa akisukumana na mwenzake. Torati haisemi kwamba kwa hiyo mwenye nyumba hana lake. Inasema alijua watu watapanda juu, kwa hiyo alipaswa kujenga akiwafikiria.

Marafiki walilielewa jambo hili kuhusu mazungumzo karne nyingi kabla ya kompyuta. Katika Uingereza ya karne ya 17 waliondoa mimbari, wakaketi kimya wakingoja, na yeyote, mwanamume au mwanamke, aliyeona amepewa neno alisimama akalisema. Waliamini kwamba umbo la chumba linaweza kumfungulia Mungu mlango au kumfungia. Wamisionari walioanzisha kituo cha Kaimosi mwaka 1902 walitoka katika tawi la Marekani lililokuwa na wachungaji na nyimbo, hivyo ibada ya Jumapili katika makanisa ya Marafiki ya Kenya ina mahubiri na kwaya, na ukimya umebaki sehemu ndogo. Katika vikao vya shughuli za kanisa, hata hivyo, utaratibu wa zamani ungali unafundishwa. Hakuna kupiga kura. Karani anasikiliza, anatafuta mahali roho ya kikao inapoelekea, anaandika uamuzi hapo hapo, anausoma, na wanakikao wanaukubali au wanaurekebisha kabla hawajaondoka. Kama hawajakubaliana, jambo linangoja kikao kingine.

Kwa mtu wa programu, huo ni usanifu wa maingiliano ulio kamili: kuna kanuni ya zamu, kuna mtu anayehudumia mazungumzo bila kuyatawala, kuna kumbukumbu inayothibitishwa na wote, na kuna ruhusa ya kuchelewa. Umejaribiwa kwa zaidi ya miaka 350. Ni ajabu kwamba kampuni zinazojenga vyumba vya mabilioni ya watu hazijajifunza zaidi kutoka kwa watu wa aina hii.

Falsafa nayo ina la kusema. Katika Faidro, kitabu cha mwanafalsafa Plato, Sokrates analalamika kwamba maandishi hayawezi kujibu: ukiyauliza swali yanarudia yale yale. Soga imeondoa lawama hiyo, maana maandishi sasa yanajibu, na yanajibu kwa sekunde. Tatizo limehamia upande wa pili. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipowatafuta wahenga wa Kenya kwa utafiti uliozaa kitabu chake Sage Philosophy cha 1990, hakutosheka na methali za mwanzo ambazo mzee yeyote angeweza kuzitoa. Aliuliza, akasikiliza, akapinga, akauliza tena, mpaka ikajulikana kama mzee anarudia hekima ya jamii au anaihoji kwa akili yake mwenyewe. Alichokuwa akikitafuta hupatikana katika jibu la pili na la tatu. Chumba kinachomzawadia wa kwanza kujibu kinaipata methali na kuikosa fikra.

Wajenzi wana utetezi wao, na inafaa usikilizwe. Wanasema hawawezi kujua kila lugha, kwamba mtu wa California hawezi kutambua tusi la Kimaragoli au fumbo la Kinandi. Ni kweli. Lakini ukuta wa darini hauhitaji kumjua anayepanda. Mwaka 2018, baada ya uvumi wa WhatsApp kuhusishwa na mauaji ya watu walioshambuliwa na makundi nchini India, kampuni ilianza kuweka kikomo cha kusambaza ujumbe. Januari 2019 kikomo kikawa watu au makundi matano duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Kampuni yenyewe ilisema kikomo cha watano kilipunguza usambazaji kwa asilimia 25, na kile cha 2020 kilipunguza usambazaji wa jumbe hizo kwa asilimia 70. Hakuna aliyesomewa ujumbe wake. Hakuna lugha iliyotafsiriwa. Kilichoongezwa ni kazi kidogo ya kidole, na ndani ya kazi hiyo, nafasi ya kufikiri. Takwimu hizo zinawahukumu waliozitoa. Kama hatua ndogo hivyo iliweza kupunguza kiasi hicho, basi uhuru wa kusambaza bila kikomo uliotangulia haukuwa hali ya asili kama mvua. Ulikuwa uamuzi wa watu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wale wale waliopona ghasia za 2008. Ukimya hauna utakatifu wake wenyewe. Mwaka 2008 walikuwapo majirani waliojua nani atashambuliwa usiku na wakanyamaza. Makanisani pia ukimya umeshushwa juu ya wanawake na vijana na kuitwa adabu, huku wazee wakizungumza. Makundi ya simu yaliwapa wengi wa hao nafasi ya kwanza maishani ya kusema bila kungoja kuitwa, na yeyote anayesifu duara la zamani bila kukumbuka waliokaa nje ya duara hasemi ukweli wote. Haki ya kupita ina thamani pale tu ambapo kuna haki ya kusema. Mtu aliyenyamazishwa hajapita, ameporwa zamu.

Vijana wa Kenya wenyewe wameonyesha kwamba hizi mbili zinaweza kukaa pamoja. Katika maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, walikusanyika kwa maelfu katika mikutano ya sauti ya X, ambapo anayetaka kusema huomba kipaza sauti na mwenyeji humpa zamu. Wengine walitumia Zello, programu inayofanya simu iwe kama redio ya upepo: mmoja anabonyeza anasema, wengine wanasikiliza. Rais William Ruto aliingia katika mkutano wa namna hiyo tarehe 5 Julai 2024, akaulizwa maswali makali na vijana ambao wasingefika Ikulu. Kulikuwa na hasira, kulikuwa na maneno mazito, lakini mtu alimsikia mtu hadi mwisho wa sentensi. Kizazi kinacholaumiwa kwa kukosa subira kilichagua, wakati wa hatari, vyumba vyenye zamu.

Linabaki suala la mahali ambapo mambo haya yanajadiliwa. Nairobi iliandaa AfriCHI ya kwanza Novemba 2016, mkutano wa watafiti wa Kiafrika wa maingiliano kati ya binadamu na kompyuta, na tangu hapo wasanifu wa bara hili wana jukwaa lao. Kijana wa Lugari anayejifunza fani hii hana nauli ya mikutano. Anajifunza kwa bando la simu, katika makundi ya WhatsApp, Telegram na Discord ambamo mtu anabandika picha ya kazi yake na wengine wanaikosoa. Ni baraka kubwa. Mwalimu aliye Lagos au Bangalore anamrekebisha mwanafunzi wa Lumakanda bila ada. Wakati huo huo, mjadala unafanyika ndani ya kitu kinachojadiliwa. Wanaokosoa vyumba vya soga wanakosoana katika vyumba vya soga, kwa Kiingereza, kwa haraka, na anayejibu kwanza ndiye anayeonekana anajua. Swali zuri la mwenye kusita linazama chini ya picha za vidole gumba.

Wasiokuwamo ni wengi, na ndio wangekuwa na la kufundisha. Hayumo karani wa kikao aliyewahi kuwaongoza watu mia wakafikia uamuzi bila kura. Hayumo mama mweka hazina wa matanga anayejua nani atalia akiona orodha. Hayumo mwezeshaji wa warsha aliyemketisha mtu aliyechomewa nyumba karibu na jamaa wa waliochoma. Msanifu kijana wa Lumakanda ana bahati ambayo mwenzake wa San Francisco hana: watu hao ni shangazi zake, wazee wa kanisa lake, majirani zake. Anaweza kwenda kuwauliza kabla hajachora kitufe chochote, akayapeleka maneno yao kundini kwa ruhusa yao.

Na wangemwambia mambo yanayoweza kujengwa. Kundi la mchango ambamo kiasi cha kila mtu kinaonekana kwa mweka hazina na kwa wakaguzi wawili, na wengine wanaona jumla tu. Kitufe cha kupita, kinachomwambia aliyeuliza kwamba umesikia na leo hutajibu, bila tiki za kukusuta. Mjadala wa jambo zito unaofungwa kwa maandishi mafupi ambayo wanakundi wanayathibitisha, ili kesho asitokee wa kudai kwamba kilikubaliwa kingine. WhatsApp iliwapa wasimamizi, mwaka 2018, uwezo wa kulifunga kundi ili wao peke yao waandike, na wengi wanautumia ugomvi unapozuka. Lakini huko ni kuzima taa. Karani mzuri hafungi mdomo wa kikao. Anaomba watu wangoje, kisha anamwita yule ambaye hajasema.

Sheria ya Kenya bado inatazama upande mmoja. Mwongozo uliotolewa kabla ya uchaguzi wa 2017 na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano uliwawekea wasimamizi wa makundi wajibu juu ya yanayoandikwa humo. Msimamizi mara nyingi ni mwalimu au katibu wa chama aliyelifungua kundi jioni moja kwa ajili ya harusi. Amepewa mzigo wa chumba ambacho hakukichora na hawezi kukibadilisha.

Mahakama zimeanza kugeukia upande wa pili. Desemba 2022 Abrham Meareg, Mwethiopia ambaye baba yake, Profesa Meareg Amare wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, aliuawa Novemba 2021 baada ya kuandikwa vibaya na kutajwa kwenye Facebook, alifungua kesi Nairobi dhidi ya kampuni ya Meta, akiwa pamoja na mtetezi wa haki za binadamu Fisseha Tekle na shirika la Taasisi ya Katiba. Hoja yao haikuishia kwa walioandika maneno yale. Wanadai kwamba mfumo wenyewe, kwa jinsi ulivyopangwa kuchagua nini kionwe na wengi, uliyasukuma mbele. Meta ilisema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Tarehe 3 Aprili 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba inayo, na kesi inaweza kusikilizwa.

Miongoni mwa mambo wanayoyaomba walalamishi ni mfuko wa kuwafidia waathiriwa na hatua za dharura za kuzuia maudhui ya uchochezi yasipandishwe juu. Ni ombi la ukuta wa darini, lililowekwa mbele ya jaji. Mawakili wataleta wataalamu wa programu kueleza jinsi mfumo unavyofanya kazi. Mahakama ingefaidika pia kwa kuwasikiliza wawezeshaji wa Lugari, waliokaa na majirani baada ya 2008 na kujifunza, duara baada ya duara, ni mpangilio gani wa viti, wa zamu na wa maswali uliowawezesha watu kuzungumza bila kuumizana tena, na ni upi uliowafanya wainuke na kuondoka.